Kisima cha Juu Kabisa

Dar es Salaam,
6 Novemba 1994

Dada Klementina,

Shikamoo. Kuna sauti moja iliyokaa masikioni mwangu tangu utoto, na Ijumaa ilinirudia darasani nikashindwa kuendelea kuandika. Ni sauti ya mto wetu Nyamhela ukija. Mvua imenyesha mbali huko juu, sisi hatujaona hata wingu, mchanga ni mkavu, mbuzi wamelala katikati ya mto. Halafu kutoka upande wa juu inasikika kama mtu anamimina mtama juu ya ngozi kavu, bila kukoma. Mama anasimama, anashika kiuno, anasema, "Huyo anakuja." Aliusema mto kama mgeni anayefahamika. Kisha unatokea ulimi wa maji ya kahawia, unasukuma mbele yake majani makavu na mavi ya ng'ombe, unatembea, hauna haraka. Ngurumo iko nyuma yake.

Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi maji yanavyopanda na kushuka mtoni baada ya mvua. Alichora mstari unaopanda ghafla kama kilima na kushuka taratibu kama mkia. Wenzangu walinakili. Mimi niliutazama nikasema moyoni, huyu namjua, nimeoga ndani yake.

Habari za huko lakini? Shemeji Maige hajambo? Mama mkwe wako Nyanjige, mguu umepona? Mwambie Sayi kwamba mama mdogo anamkumbuka. Mimi ni mzima, isipokuwa joto la hapa, na maji ya bomba yanayokuja siku yanapotaka. Chuo cha maji hakina maji. Cheka.

Nimekubaliwa kuandika utafiti wangu wa mwisho juu ya mto wetu. Wenzangu wamechagua mito mikubwa, ile ambayo kila mtu ameisikia. Mwalimu aliniuliza, "Huo Nyamhela uko wapi? Mbona ramani yangu haina?" Nikamjibu kwamba basi ramani ina upungufu. Darasa zima lilicheka, naye akacheka, lakini mimi sikuwa natania.

Sasa ninakuomba. Kwenye nguzo ya daraja kulikuwa na ubao wa chuma wenye namba, uliowekwa tangu wakati wa Mwingereza. Mto ukija, nenda asubuhi na jioni uangalie maji yamefika namba gani, uniandikie. Najua una kazi nyingi. Lakini sina mwingine wa kumwomba, na hata kama ningekuwa naye ningekuomba wewe.

Mdogo wako,
Minza


Sapiwi,
11 Desemba 1994

Mdogo wangu Minza,

Marahaba, na ng'wadila, usiisahau salamu ya kwetu huko mjini. Hapa ni mhola, amani tu. Sayi alikuwa na homa ya malaria, ameshapona na anakula kama fundi ujenzi. Mguu wa mama mkwe haujapona ila mdomo wake ni mzima kabisa.

Mto ulikuja. Nilikimbia na kalamu kama karani, nikafika darajani, ubao wako haupo. Nikamkuta Mzee Nkinda, yule mwenyekiti wetu wa wenye visima, anapitisha ng'ombe wake. Nikamwuliza.

"Ule ubao? Uliacha kazi."

"Ubao wa chuma unaachaje kazi, mzee?"

"Hakuna aliyekuwa anausoma tangu yule bwana wa maji astaafu. Nikauonea huruma. Sasa ndio komeo la zizi langu, na ng'ombe wanauheshimu kuliko wanavyoniheshimu mimi."

Basi nikarudi nyumbani kwa hasira nikamkuta Maige amekaa. Sikukuandikia hili mapema kwa sababu nilidhani litapita. Jineri ya ushirika, ile ya kuchambua pamba, imepunguza watu. Walikusanywa uwanjani, majina yakasomwa, wakaambiwa kwamba sasa pamba itanunuliwa na watu binafsi na kila mtu ajitegemee. Miaka yote hiyo alikuwa fundi wa mashine, sasa anakaa mlangoni anahesabu kuku. Nikamwambia, "Inuka. Mdogo wangu anataka kupima mto, na wewe ni mrefu."

Kwa hiyo vipimo ni hivi. Siku ya kwanza jioni, vifundo vya miguu ya Maige. Kesho yake asubuhi, kiunoni, na alikataa kusogea mbele hata nilipomwita mwoga. Mchana hakuna mtu angeingia, mbuzi mmoja alichukuliwa tukamwona anapita amesimama juu ya gogo kama bwana shamba. Jioni, katikati ya paja. Siku ya tatu, magoti asubuhi na magoti jioni. Siku ya nne, nyayo tu, na watoto wote wa Sapiwi walikuwa wanamfuata nyuma wakiuliza leo mto umefika wapi kwake.

Anasema jina lake liandikwe kwenye utafiti. Minza, kicheko alichocheka siku zile nilikuwa sijakisikia tangu jineri.

Dada yako,
Klementina


Dar es Salaam,
19 Februari 1995

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi Sayi amepona, na nimesikitika sana kwa ajili ya shemeji. Hapa pia ni hivyohivyo, jirani zetu wa viwandani wanarudi mchana wakiwa wamebeba masanduku yao ya vifaa. Mpe pole, na umpe pia habari hii: jina lake liko ukurasa wa nne.

Ulinipimia miguu yake kwa futi ya fundi cherehani kama nilivyokuagiza kwa kadi, nikageuza vifundo na magoti kuwa namba, nikachora. Dada, mstari ule ni mzuri. Unapanda kwa usiku mmoja na asubuhi yake na kushuka kwa siku mbili, na kwenye kushuka kwake kuna kituo kidogo, kama mtu aliyeketi kupumzika njiani. Nilifikiri ni makosa yenu. Kisha nikatambua kwamba ni maji ya upande wa Mwanhuzi, yanayochelewa kwa sababu yametoka mbali zaidi. Nilikaa kitandani nimeshika karatasi nikiitazama. Wenzangu wa chumbani walidhani nimepata barua ya mapenzi.

Namkumbuka baba alivyokuwa utingo wa malori ya pamba, akitusimulia walivyolazwa ng'ambo mto ukijaa. Dereva anatandika gunia chini ya lori, akina mama wa Sapiwi wanakuja na matobolwa, viazi vyao vilivyokaushwa, na uji, watu wanacheza bao. Mto ukikata wanaondoka wameshajuana. Si ndivyo alivyomjua mama? Mto mdogo hivi, usio kwenye ramani, ukamzuia kijana mmoja wa Malampaka siku za kutosha, na ndiyo sababu wewe na mimi tupo.

Lakini kuna jambo linaloninyima raha. Kwenye majedwali ya chuo, mto ukikata unaandika sifuri. Juni sifuri, Julai sifuri, hadi mvua. Niliandika hizo sifuri na mkono ukagoma, kwa sababu ndiyo miezi tuliyokuwa tunakunywa maji yake, tunanyweshea ng'ombe, tunamwagilia nyanya, tunafyatua matofali, na mama anachimbua kamongo kwenye tope kama mtu anayetoa viazi. Sasa sifuri iko wapi?

Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, sikuwahi kuwa na kisima changu mtoni. Nieleze sheria zake zote, hata zile unazoona ni za kawaida mno.

Mdogo wako,
Minza


Sapiwi,
23 Julai 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, tuna baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama huko chuoni wanawafundisha pia kuolewa.

Unataka sheria za visima. Mto ukikata juu, maji yanabaki chini ya mchanga, hilo unalijua. Kila mwanamke anachimba chake. Aliyechimba ndiye mwenyewe, na anakitunza kwa kuteka kwa mkono wake kila asubuhi. Mtu akikuomba maji humnyimi. Lakini kisima hukiuzi, hukikodishi, humwachii mtu. Usipoteka, Mzee Nkinda anatupa mwiba ndani, kinakuwa shimo tu. Mto ukija mwaka mwingine unafuta vyote, na hakuna anayeweza kusema hapa palikuwa pangu.

Mpangilio: visima vya watu juu, vya ng'ombe chini, wasituchafulie. Na penye visima vya watu, hadi umbali wa mwito mmoja juu ya kisima cha juu kabisa, hapaguswi, hapapiti ng'ombe, hapafuliwi, hapachimbwi kitu kingine; kupita hapo ni ruhusa. Mwenye kisima hicho ndiye anayetembea mbali kuliko wote, kwa hiyo wengi hawakitaki. Mwaka huu ni mimi. Nimechimba karibu na ule mpindo wa mto penye mchanga mwingi, kwa sababu maji yake ni matamu na mimi napenda kutembea bila mtu kuniongelesha. Na kwenye mkutano wa mto, mwenye kisima anasema na asiye na kisima anasikiliza. Hata diwani alinyamazishwa mwaka juzi. Ilikuwa raha.

Sasa sikia jipya. Kuna mfanyabiashara anaitwa Constantine, ana lori. Bariadi mjini wanajenga, jineri za watu binafsi zinajengwa, nyumba za wageni, maduka, wote wanataka mchanga. Ana kibali, na kijiji kimemruhusu achukue upande wa chini, chini ya visima vya ng'ombe. Maige ni msimamizi wa wapakiaji! Anavaa kofia. Mimi nauza chai na maandazi pale lori linapopakiwa, na yanaisha kabla birika halijapoa.

Huyo Constantine ana maneno. Jana kaja na kikombe.

"Mama Sayi, kisima chako kimekaa kama askari wa barabarani. Kisogeze kidogo tu kushuka, nipate ule mpindo."

"Kisima si kuku, nikipungie mkono kisogee."

"Nitakuletea bati za nyumba nzima."

"Nyumba ya bati isiyo na maji ndani, nitaoga bati?"

Wapakiaji walicheka mpaka wakaweka makoleo chini. Naye alicheka. Si mtu mbaya. Na mchanga anaochukua utarudi, mto unauleta kila mwaka, kila mtu anajua.

Dada yako,
Klementina


Dar es Salaam,
20 Agosti 1995

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako niliisoma mara nyingi, ile sehemu ya visima nilimsomea mwalimu wangu. Akasema ni utaratibu bora wa maji kuliko wowote aliowahi kuuona umeandikwa. Nilitembea na fahari yako siku nzima kama yangu.

Lakini lazima nikwambie kuhusu mchanga. Mchanga ule si kifuniko cha maji, ndio tangi lenyewe. Chukua bakuli, lijaze mchanga, mimina maji: yanaingia katikati ya chembe na jua haliyafikii. Ukiondoa mchanga unabaki na udongo mgumu wa chini, na maji yatakayokuja yatakaa juu kama supu kwenye sahani, yatanywewa na jua na ng'ombe. Na si kweli kwamba utarudi wote. Huko juu wamefyeka vichaka kulima pamba kwa kuwa bei imefunguliwa, na ardhi iliyofyekwa hailetei mto mchanga, inauletea tope jeusi la mbugani. Tope linaziba.

Dada, mwambieni aache. Shemeji anaheshimiwa, aseme. Nakuomba uache hata kuuza chai pale, kwa sababu kila kikombe unachouza kinasaidia kuumaliza mto.

Mdogo wako anayekupenda,
Minza


Sapiwi,
1 Oktoba 1995

Minza,

Sisi wazima.

Maige alikaa mwaka karibu mzima bila kazi. Ulimwandika kwenye ukurasa wa nne, asante. Mchanga ndio uliomwinua pale mlangoni, si ukurasa wa nne. Vikombe vyangu vya chai ndivyo vimenunua sare ya Sayi. Wewe unaupenda mto kwa barua. Sisi tunaunywa na tunaula.

Usiniandikie tena mambo ya mchanga.

Klementina


Lamadi,
9 Juni 1996

Mdogo wangu Minza,

Ng'wadila. Habari za siku nyingi? Barua zako mbili nilizipata, sikujibu, unajua kwa nini. Nimesikia kwa watu kwamba umemaliza chuo ukiwa wa pili, na kwamba umeajiriwa na kampuni ya barabara huko Dar, una meza yako na simu. Nilitamba kwa kila mtu huku nikiwa bado nimekukasirikia. Inawezekana, nimejaribu.

Unaona ninaandikia Lamadi. Tumehamia ziwani. Tuko wazima, Sayi amekuwa mweusi kwa jua na ananuka dagaa. Maige ananunua samaki kwa wavuvi, mimi nakaanga. Hapa maji ni mengi mpaka yanakera, na ukiyatazama hayaendi popote.

Nikueleze yote. Mto ulikuja mwaka huu kama ulivyosema. Upande wa chini walikochimba malori ulijaa tope jeusi, likakauka likapasuka vipandevipande, na visima vya ng'ombe havikutoa kitu. Watu wakaanza kuleta ng'ombe kwenye visima vya watu, ugomvi kila siku. Constantine hakuwa na mchanga tena isipokuwa ule wa mpindo. Na mto ulipokata, mapema mwaka huu, mimi nilikuwa wa kwanza kuchimba, juu kabisa, juu zaidi hata ya mwaka jana.

Akaja nyumbani. Hakuja na kikombe safari hii. Alimwambia Maige kistaarabu tu, "Bwana Maige, mke wako ameifunga kazi yako mwenyewe." Maige akanitazama. Nikamwambia, "Nitazame vizuri, mimi ndiye niliyekuambia uingie mtoni tuupime." Akavua ile kofia akampa Constantine mkononi. Nikaenda kusonga ugali.

Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikutaka uone umeshinda.

Kazi ikaisha, binamu yake akatuita huku. Kisima nimemwachia mama mkwe, amekataa kuhama, anasema ziwa linamtia kizunguzungu. Anateka yeye kila asubuhi, na mguu wake huohuo. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, mpindo uko salama mpaka mvua.

Ukipata likizo nenda kamsalimie. Umpelekee sukari.

Dada yako,
Klementina


Sapiwi,
27 Agosti 1996

Dada yangu Klementina,

Shikamoo. Natumaini ziwa linawatunza. Mimi ni mzima, isipokuwa viganja vyangu, na sukari ilifika.

Barua yako ya Lamadi niliisoma ofisini nikaenda kujifungia chooni nilie. Miezi yote hiyo nilijiona mimi ndiye ninayeujua mto, na wewe ulikuwa umekaa juu yake kimya, peke yako, ukimkatalia tajiri bati. Niliomba likizo siku hiyohiyo. Nilitaka kuviona kwa macho yangu, kisima chako na mpindo.

Nilivikuta. Lakini sasa kisima chako kina mwiba ndani.

Usimlaumu mama mkwe. Aliteka kila asubuhi, alikwenda kwa fimbo, akapumzika njiani na kuendelea. Ila wewe mwenyewe uliniandikia kwamba kisima humwachii mtu, na naona ulikiacha kama mtu anavyoacha shamba au jembe, kwa sababu nyumba yenu ni moja na kwako mkono wake na wako ni mkono mmoja. Constantine alikuwa ameuliza kwa adabu kwenye mkutano kisima cha juu ni cha nani. Nilifika siku mbili kabla ya mkutano wa kuamua, nikaenda na Nyanjige. Wanaume kwa wanawake walikaa kwenye mchanga wenyewe, na lori lilikuwa limeegeshwa ukingoni.

Mzee Nkinda akauliza, "Kisima hiki kilichimbwa na nani?"

"Na mkwe wangu Klementina," akasema Nyanjige.

"Yuko wapi?"

"Lamadi."

"Ana mkono mrefu kiasi gani, wa kuteka akiwa Lamadi?"

Watu wakacheka. Nyanjige akasema, "Ninateka mimi."

"Na wewe umechimba lini?"

"Nkinda, unaujua mguu wangu. Uliuona ukivunjika."

"Niliuona. Na ng'ombe wako niliwachunga mpaka ukasimama. Lakini nikibadilisha sheria kwa huruma ya mguu, kesho nitaibadilisha kwa bati." Alimtazama Constantine aliposema hivyo, naye akatazama viatu vyake. Nilimchukia Mzee Nkinda na nikampenda kwa pumzi moja. Dada, angeweza kuegemea upande wowote, akaiegemea sheria, ingawa naye anajua itamkausha.

Nikasimama. Nilikuwa na utafiti wangu wote kichwani, tangi, tope, mstari wa Maige.

"Una kisima?" akaniuliza.

"Sina, mzee, lakini nimesomea..."

"Basi wewe ni mgeni wetu. Kaa, mwanangu. Utapewa maji."

Nikakaa. Aibu ilikuwa kubwa, lakini chini yake kulikuwa na kitu kama furaha, kwa sababu mlango alioufunga ulikuwa na kitasa upande wangu. Niliwatazama wanawake waliozunguka pale. Wenye nguvu za kuchimba huko juu wote wana mume au kaka kwenye lori, na wasio na mtu kwenye lori ni wazee kama Nyanjige. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Walitazama mpindo, mchanga mweupe ule, na ukingoni alama za magurudumu zilikuwa zimeshafika. Constantine alitangaziwa kwamba ataanza baada ya siku ya mnada.

Kesho yake niliondoka na jembe na bakuli la Nyanjige, naye akanifuata kwa fimbo yake. Nilipita kisima chako, nikapita katikati ya mpindo, mpaka kichwani kabisa, pale penye mwamba mdogo. Nikachimba shimo jembamba lililonyooka, kama tulivyochora chuoni. Lilifika kiunoni kwangu likaporomoka.

"Unamchimbia panya kaburi?" akasema Nyanjige. "Panua, mwanangu. Mchanga unataka kulala, ulaze."

Nikapanua kama bakuli. Tukasuka fito tukazungushia ukutani, mimi nikiwa ndani, yeye juu akinitukana kwa upole. Jua lilipopita utosini mchanga chini ya miguu yangu ulibadilika rangi, kisha ukawa baridi, kisha vidole vyangu vikapotea ndani ya maji. Nilisimama pale nikiyaangalia yakijikusanya. Ni mvua ya Mwanhuzi, dada, ya mwezi wa tatu na wa nne, ile inayochelewa, imetembea gizani miezi yote hii ikanikuta. Nimesoma kitu hiki na kukiandika kurasa nyingi, na sikuwa nakijua.

Mzee Nkinda alikuja jioni na mwiba mkononi, sijui kwa nini aliubeba. Alishuka, akachota kwa kiganja, akanywa. Akauliza, "Cha nani?" Nikasema, "Changu, Minza binti Mayala." Akasema kwa sauti, ingawa tulikuwa watatu tu, "Kisima cha juu kabisa ni cha Minza." Akauweka ule mwiba ukingoni, nje, kuzuia mbuzi.

Constantine alipofika siku ya kuanza, alitelemka akatembea mpaka kwangu. "Wewe ni mdogo wake yule," akasema. "Familia yenu ina ugonjwa." Nikamkaribisha maji, akanywa, maana aliyeomba hanyimwi na niliona aibu kumngoja aombe. Kisha akauliza, "Na kazi yako ya Dar?" Ndilo swali la kweli, na najua nawe unaliuliza sasa hivi, umesimama na kijiko cha kukaangia mkononi.

Kisima kinatekwa kwa mkono wa aliyekichimba, kila asubuhi, mpaka mto uje. Huenda ukaja Novemba. Huenda ukachelewa. Mwakani nitachimba tena, na nimewaambia wanawake wawili ambao waume zao wameachwa na lori wachimbe karibu nami, wanafikiri. Idara ya maji ya wilaya haiajiri, nimeuliza. Nitafundisha masomo ya jioni kwa watoto wa darasa la saba, na Nyanjige amenipa kitanda cha Sayi.

Barua ya kuacha kazi niliituma wiki iliyopita na basi la Mwanza, kabla sijakuandikia wewe, ili usipate nafasi ya kunikataza. Likizo yangu iliisha jana. Leo asubuhi nimeteka.

Mdogo wako,
Minza